Nimekimbia kilometa 21 hapa Mbeya nikiwa na miaka 61. Naomba mnisaidie hesabu ya "saa 3"

Gia ya Tatu (mleta uzi)

Wakuu, kwema? Wale mtakaoniamkia, marahaba mapema, maana uzi ni mrefu na sitaweza kuitikia mmoja mmoja.

Nina miaka 61. Nimeendesha lori miaka 27, Dar hadi Tunduma, na mzigo ukiwa mzuri hadi Lubumbashi. Miaka minne iliyopita presha ilinishusha barabarani. Nilikwenda hospitali kwa ajili ya jino, wakanifunga ule mpira wa mkononi, nesi akaangalia mashine, akaniangalia usoni, akaniuliza nimekuja na nani. 180 kwa 110. Jino lenyewe hawakuling'oa siku hiyo.

Tangu hapo natembea. Kutembea kukawa jogingi, na Jumamosi najiunga na kundi la mtaani kwetu. Vijana wanakuwa mbele na nyimbo na filimbi, mimi nakaa mkiani na kina mama wawili wanaopiga soga njia nzima bila kuhema. Ni hao walionidanganya nijiandikishe. Mbio zenyewe sizitaji, na mnaozijua msizitaje, sitaki uzi ugeuke kesi. Ni za hapa mjini, kuanzia na kuishia uwanja wa Sokoine, unashuka Mafiati, unashika TANZAM, barabara kuu ya Zambia, kwenda upande wa Uyole, unazunguka koni, unarudi.

Usiku wake nilikula ubwabwa wa Kyela na maharage saa 12 jioni, nikalala na kuku. Saa 10 alfajiri nikanywa kidonge changu na kikombe cha uji wa ulezi, nikatoka. Mnaoijua Mbeya ya mwezi wa sita sina haja ya kuwaeleza. Tisheti tuliyopewa ilikuwa saizi moja kwa wote, mimi ilinifika mapajani, nikaivaa juu ya sweta nikawa kama nimevaa kanzu fupi.

Ratiba ilisema kuanza saa 12:00 kamili asubuhi. Saa 12 tukawa tumepanga mstari. Saa 12 na robo tukaambiwa mgeni rasmi yuko njiani. Wakatupigia muziki tukaruka ruka mwili ukapata moto. Ukapoa. Wakapiga tena tukaruka, ukapoa tena. Mimi nikawa nawaza injini ya lori inayowashwa na kuzimwa asubuhi ya baridi, betri inavyokwisha kabla safari haijaanza. Na kwa umri wangu baridi ikikupata umesimama, kibofu nacho kinataka mgeni rasmi wake. Foleni ya choo niliipanga mara mbili.

Tukaachiwa saa 12 na dakika 42. Nakumbuka kwa sababu saa yangu ya mkononi haina mapigo ya moyo wala ramani. Ina saa tu.

Sasa kosa la kwanza ni langu, simlaumu mtu. Kutoka Sokoine hadi Mafiati ni kushuka. Vijana wakamwagika kama mahindi yaliyopasua gunia, na mimi nikamwagika nao. Mwili mwepesi, upepo usoni, nikasema kumbe uzee ni maneno ya watu. Wakuu, mimi nimefundisha madereva wangapi kwamba mtu hafi mlima Kitonga wakati wa kupanda! Wanakufa wakishuka, breki zikishaungua. Paja ndilo breki ya mkimbiaji. Niliziunguza zangu kwenye kilometa mbili za kwanza na sikusikia harufu.

Mwanjelwa tulipita wauza chai ndio wanawasha majiko. Safi kabisa. Kuanzia Soweto barabara inaanza kuinuka. Nisikilizeni vizuri hapa. Nimepita kipande hicho mara ngapi, elfu? Na sikuwahi kujua kwamba ni mlima. Ukiwa na lori tupu unapanda huku unamenya chungwa, gia hushushi. Kwa miguu nilishusha gia hadi zikaisha. Ilomba nikakimbia nguzo nne za umeme nikatembea moja. Sae nikakimbia tatu. Mbele ya Nane Nane nikawa nakimbia mbili na kuzihesabia zile zilizolala.

Wale wa mbele tukapishana nao wakirudi. Hawakanyagi lami, wanaigusa tu na kuiacha. Mmoja alinipungia akasema "twende mzee", na pumzi ya kusema hivyo anayo! Mimi nilimjibu kwa kichwa.

Pale koni ya kuzungukia msichana akanivisha kipira cha njano mkononi, ushahidi kwamba nimefika. Kipira hicho ninacho hadi leo. Kurudi ikawa kushuka, nikadhani nimeokoka, kumbe mapaja yale yale niliyoyaunguza ndiyo yanatakiwa kushika. Kila hatua goti linataka kukunjika lenyewe. Kituo cha maji cha kilometa 15 nilikuta meza na chupa tupu zinazungushwa na upepo. Mama muuza ndizi akanipa maji kwenye kikombe cha bati, akaniambia "baba kaa kwanza". Nikajua nikikaa pale nitarudi nyumbani na bajaji. Nikanywa nimesimama.

Karibu na Soweto nikasikia kitu nyuma yangu. Pssh. Halafu pssh nyingine, na nyingine. Breki za upepo zinaachiwa, lori moja baada ya jingine. Sauti hiyo hata usingizini siikosei. Sikugeuka. Nikaangalia saa: saa 3 na dakika 1. Foleni imefunguliwa.

Nikahamia kwenye vumbi pembeni. Lori la kwanza likaja linanguruma, dereva ananivizia, hajui kama nitayumba. Mkono wangu wa kushoto ukanyooka wenyewe ukaashiria, kama indiketa: njia nyeupe, pita. Akapiga honi fupi mbili za ahsante akapita. Utingo akatoa kichwa dirishani, "Babu, mbio zimeisha!"

Mwanjelwa sasa haikuwa ile ya alfajiri. Saa 3 asubuhi Mwanjelwa ni bajaji, mikokoteni, viazi, mama kabeba kuku wawili kichwa chini. Nilitembea kilometa karibu nzima kwa sababu hapakuwa na pa kuweka mguu. Jamaa mmoja akaiona namba kifuani akaniuliza, "Mzee unatangaza nini?"

Mafiati kupanda mjini, kichomi upande wa kulia. Nilikimbia, nikatembea, nikakimbia. Naingia Sokoine saa 3 na dakika 39. Lile geti la upepo limeshatolewa upepo limelala chini kama ng'ombe, kijana anakusanya koni. Namuuliza medali, ananiambia mzee, zimeshafungashwa, mbio zilifungwa saa 3.

Hesabu sasa. Nilianza 12:42, nikamaliza 3:39. Saa mbili na dakika 57. Fomu niliyosaini imeandikwa "Mwisho wa mbio: saa 3". Mimi nilielewa masaa matatu, na nimemaliza ndani ya masaa matatu na dakika tatu za chenji. Yeye anasema ni saa 3 asubuhi. Kama tungeanza saa 12:00 ilivyoandikwa, vyote viwili vingekuwa kitu kimoja, hakuna ugomvi. Zile dakika 42 za mgeni rasmi zimelipwa na nani? Aliyekimbia kwa saa moja na dakika kumi hakulipa hata senti. Tumelipa sisi wa nyuma, na kiingilio tulitoa sawa.

Naomba mawazo.

---

KijanaWaSae

Shikamoo mzee. Alphonce Simbu wetu kachukua ubingwa wa dunia wa marathoni Tokyo 2025 kwa saa 2:09:48, na hizo ni kilometa 42. Wewe nusu yake umetumia 2:57. Bila ubaya, kuna kilometa 5 kwa ajili ya wazee na watoto, kwa nini usiende huko? 😂

---

Gia ya Tatu

Marahaba. Simbu hakumsubiri mgeni rasmi.

---

Mama Magimbi

😂😂 Kijana kajibiwa.

Baba, pole na hongera. Mimi nilikuwa kilometa 10 siku hiyo hiyo, nina miaka 52. Nilimaliza, medali nilipata, lakini nikwambie nilichokiona. Watu wa kilometa 5, wengine hata hawakukimbia, wamekuja na familia, wanapita mezani wanavalishwa medali za 21 kwa sababu ndizo zilizokuwa karibu na mkono wa yule binti. Nilimwambia mwanangu hizi zitawakosa wenyewe. Kwa hiyo hilo la "zimefungashwa" mimi silipokei, ziliisha.

Na saizi ya tisheti tusiongelee. Yangu nimempa mume wangu analalia.

---

Bakora ya Sarufi

Mleta uzi, kwanza hakuna neno "masaa". Saa ni ile ile katika umoja na wingi: saa moja, saa tatu. Mwandishi wa fomu aliandika Kiswahili sanifu.

---

Gia ya Tatu

Ndugu, na sanifu hiyo ndiyo iliyoniponza. Angeandika masaa angekosea sarufi mimi nikapata medali.

---

Koni ya Njano

Nimesita kuandika ila acha niandike. Mimi nilikuwa mmoja wa waliovaa vizibao siku ile. Siwasemei waandaaji, nilijitolea tu, nililipwa soda na tisheti (saizi moja).

Mzee wangu pole sana. Lakini watu waelewe kitu kuhusu mji wetu. Mbeya imepangwa kama shanga kwenye uzi mmoja, na uzi wenyewe ni TANZAM. Kuanzia Uyole hadi Iyunga mpaka Mbalizi huko, hakuna njia kuu nyingine ya kuwapitisha malori. Ukifunga hapo umefunga mzigo wa Zambia na wa Kongo, umefunga mabasi ya Dar, umefunga wagonjwa. Kibali kinatolewa kwa saa ya ukutani. Kinasema mwisho saa 3 asubuhi. Trafiki haangalii kama mlianza saa ngapi, anaangalia kibali na anaangalia foleni inavyorudi nyuma. Mimi nilisimama na trafiki pale Kabwe. Saa 2 na nusu simu yake ilikuwa inalia kila dakika.

Maji: yalipangwa vizuri, lakini watu wa mbele wanachukua chupa mbili mbili, moja ya kunywa, moja ya kujimwagia. Kwa baridi ile! Wa nyuma hawakuti kitu.

Medali, Mama Magimbi kasema kweli, na sina la kuongeza.

---

Gia ya Tatu

Koni, ahsante kwa kujitokeza. Sasa tuelewane. Foleni ya malori unanifundisha mimi? Nimelala ndani ya foleni hiyo Tunduma siku nne nikipika ugali chini ya trela. Sikatai barabara kufunguliwa. Ingefunguliwa hata saa 2.

Ninachokataa ni hesabu. Dereva akicheleweshwa mzani masaa mawili, bosi hampi masaa mawili ya ziada Tunduma, anamwambia fidia njiani. Anafidia wapi? Mlimani na usiku. Ndivyo mlivyotufanya. Kama kibali kinaisha saa 3 na fomu inasema kuanza saa 12, bastola ilie saa 12. Mgeni rasmi akichelewa atatukuta tunarudi, avalishe medali. Kwani kazi yake hasa iko wapi, mwanzoni au mwishoni?

---

Koni ya Njano

Hilo lilisemwa kikaoni, mzee. Jibu likawa wadhamini wanataka picha za kuanza, watu wakiwa wengi na tisheti bado safi.

---

Parachichi la Rungwe

Daah. "Tisheti bado safi." Hapo nimeelewa kila kitu.

---

Mzalendo Halisi

Wangekuwa hawa waandaaji ndio waliosimamia marathoni ya Olimpiki ya Mexico 1968, leo tusingemjua John Stephen Akhwari. Mtu kaanguka, goti limetoka mahali pake, kafungwa bandeji, kafika wa mwisho kati ya 57 waliomaliza, zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi, Mamo Wolde. Kagiza kameingia, sherehe imekwisha, na bado uwanja ulikuwa wazi na watu walikuwapo. Aliwaambia nchi yake haikumtuma maili elfu tano kuanza mbio. Sisi mzee wa mtaani kafika jua linawaka anakuta geti limelala.

---

Koni ya Njano

Akhwari alikuwa Olimpiki mkuu, hakuwa TANZAM.

---

KijanaWaSae

Mkuu unajitetea mpaka unanikera mimi ambaye nilikuwa upande wako.

---

Sista wa Uzunguni

Naacha ugomvi wa saa pembeni. Nafanya kazi ya unesi na siku kama hizo huwa nakaa kwenye hema la huduma ya kwanza, kwa hiyo naomba wenye miaka 50 kwenda juu wanisome.

Mzee amesema alimeza kidonge cha presha asubuhi. Vizuri kwamba hakukiacha, wengi wanaacha wakisema kitawalegeza. Lakini kabla ya mbio nenda kamwambie daktari wako, "nataka kukimbia kilometa 21", kwa maneno hayo hayo. Vidonge vya presha haviko sawa. Vingine vinakukojoza, kwa hiyo unaanza mbio ukiwa umeshapoteza maji. Vingine vinashikilia mapigo ya moyo yasipande, na hapo ile hesabu ya 220 toa umri, ambayo kwa mzee wa 61 inatoa 159, haina maana kwako. Unaona mapigo yako chini unadhani bado una nguvu, kumbe umeshafika mwisho.

Pili, na hili linaniuma. Watu wanameza diklofenaki asubuhi ya mbio "kuwahi maumivu". Jamani. Ukiwa umekaukiwa maji, figo zinategemea mwili uzipe damu kwa shida, na dawa za kundi hilo zinaifunga njia hiyo hiyo. Mwenye presha ndiye kabisa asiguse. Kama goti linahitaji dawa ili uanze, goti limeshakujibu.

Tatu, maji. Kukosa maji ni vibaya, lakini kwa wanaokwenda polepole kuna hatari nyingine, kunywa kila kituo kwa woga hadi chumvi ya damu inazimuka. Kichwa kinauma, unavimba vidole, unachanganyikiwa. Kwa baridi ya Mbeya kunywa ukisikia kiu. Mzee, mama wa ndizi na kikombe chake cha bati alikufaa kuliko unavyodhani, lakini ungekula na ndizi.

---

Gia ya Tatu

Sista, ndaga fijo. Ndizi nilipewa, nilikataa. Nilidhani ni kudoea.

Diklofenaki sikumeza, ila ilikuwa mfukoni. Nimeitoa.

---

Mbishi Mstaarabu

Mimi hapa nanusa chai. Presha 180, miaka minne baadaye unakimbia 21? Weka picha.

---

Mama Magimbi

Mbishi, nilimwona. Mzee mwenye sweta ndani ya tisheti, alikuwa anahesabu nguzo kwa sauti. Tulidhani anasali.

---

Mwamba wa Ipogolo

Kamwene wakuu. Niko Iringa, nina miaka 57, nimekimbia nusu marathoni sita, na nyumbani kwangu ni bondeni. Wanaoijua Iringa wanajua kutoka Ipogolo kupanda mjini maana yake nini. Nimejifunza mengi kwa kile kipande, namgawia mzee.

Hilo la mapaja umelisema vizuri kuliko makocha wengi. Ukipanda, msuli unajikunja na kusukuma. Ukishuka, msuli unakaza huku unavutwa urefuke, na hapo ndipo nyuzi zake zinapochanika kidogo kidogo. Ndiyo maana hukuumia siku ile kama ulivyoumia siku ya pili yake. Nakisia kushuka ngazi ulishuka kinyumenyume. Dawa ni kuushushia mwili mteremko mazoezini, mdogo mdogo, wiki kadhaa kabla. Msuli una kumbukumbu. Ukishauchosha mara moja kwa namna hiyo na ukaupumzisha, safari ijayo hauchaniki vile. Sisi wa Ipogolo tunafanya kosa la kupanda tu kwa mazoezi halafu kurudi kwa daladala, tukidhani kushuka ni bure.

Kuhesabu nguzo ni jambo la maana, usilionee aibu. Ila ulianza umechelewa. Wewe ulitembea ulipochoka. Tembea kabla hujachoka. Mimi naanza kilometa ya kwanza kabisa, dakika nne mbio, dakika moja mwendo, wakati vijana wananicheka. Kilometa ya 16 tunakutana nao.

Kuhusu pumzi, msijidharau. Mbeya mjini mko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Uyole mnakaribia 1,800. Hewa hapo ina mgandamizo pungufu wa Dar kwa kama asilimia 18. Mzee anayeishi huko mwili umeshazoea, lakini hata aliyezoea hawezi kukimbia muda ule ule ambao angekimbia Dar asubuhi ya baridi. (Tatizo Dar haina asubuhi ya baridi.)

Na umri nao una hesabu yake. Uwezo wa mwili kutumia hewa unashuka kila mwaka baada ya ujana, ila kwa anayefanya mazoezi unashuka polepole zaidi. Kuna mzee wa Kanada, Ed Whitlock, mwaka 2004 alikimbia marathoni nzima kwa saa 2:54:48 akiwa na miaka 73. Alikuwa anazungukia makaburini karibu na kwake, kila siku, masaa. Nimemtaja kwa ajili ya KijanaWaSae.

---

KijanaWaSae

Miaka 73?? 42 nzima kwa muda ambao mleta uzi kakimbilia 21? Sawa, naondoka taratibu.

---

Gia ya Tatu

Mwamba, nilishuka ngazi kinyumenyume siku tatu. Nani kakwambia? Mke wangu alimwita jirani aje aone.

Na hili la kutembea kabla ya kuchoka limeniingia. Ndivyo tunavyoshuka Kitonga, unaweka gia ndogo ukiwa bado juu, kabla ya kuteremka. Ukingojea gari likimbie ndipo utafute gia, haiingii. Nimelisema hilo miaka 27 kwa vijana wa usukani, na siku ya mbio nikalisahau kwa sababu ya muziki.

---

Parachichi la Rungwe

Wadau wa vipimo, saa yangu ya mkononi ilisoma kilometa 21.4. Walituibia mita 300?

---

Mwamba wa Ipogolo

Hawakukuibia, uliwapa. Nusu marathoni ni kilometa 21.0975 ikipimwa kwa njia fupi kabisa ambayo mkimbiaji anaweza kupita, kona zote ukizibana. Wewe ulikwenda kwa wauza maji upande huu, ukapungia rafiki upande ule. Na wanaopima kwa baiskeli kitaalamu huongeza mita moja kwa kila elfu ili njia isije ikawa pungufu. Bakia hapo.

---

Koni ya Njano

Mzee Gia ya Tatu, nimekaa na maneno yako tangu juzi. Nimekwenda kuulizia medali kwa anayetunza vifaa. Mama Magimbi yuko sahihi, hakuna hata moja ya 21, ziliisha kabla hata ya saa 2 na nusu. Waliokwambia zimefungashwa hawakutaka kukwambia hivyo. Kuna za 5 kama hamsini hivi. Nikakataa kukuletea hiyo, nimeona ningekutukana.

Nilichopata ni karatasi ya muda. Waliacha kuandika saa 3 kamili. Jina lako halipo, na mlikuwa watu wengine nyuma, kwa kuhesabu namba zilizopita Uyole na hazikurudi kwenye orodha, ni 34.

---

Gia ya Tatu

34?

Mimi niliona watatu tu. Mmoja alikuwa kijana anachechemea, wawili wasichana wameshikana mikono. Nilidhani ndio sisi tu.

Koni, hiyo orodha ya namba tunaweza kuipata? Sitaki majina. Mwakani nataka tuwe tumekaa kikao kabla, hao 34, twende kwa waandaaji na jambo moja tu: fomu iandike muda unaohesabiwa kuanzia bastola, na kama kibali hakitoshi, basi wasogeze kona ya kuzungukia au waseme wazi kwamba mwenye kwenda zaidi ya saa mbili na robo asilipe. Mtu akijua mapema hana ugomvi. Mimi ningekimbia 10 na Mama Magimbi nikarudi kunywa chai.

---

Mama Magimbi

Chai ya Tukuyu, sio ile ya Mbishi.

---

Koni ya Njano

Namba nitakutumia faragha. Kikao nitakuja, lakini sitavaa kizibao.

---

Sista wa Uzunguni

Na hema la huduma ya kwanza lilifungwa saa ngapi siku ile? Mimi sikuwa zamu. Watu 34 wako barabarani na malori, wengine wana presha. Hilo muliweke juu ya medali kwenye hicho kikao.

---

Koni ya Njano

Saa 3 kamili, sista. Gari la wagonjwa liliondoka na msafara.

---

Sista wa Uzunguni

Nitakuja na mimi.

---

KijanaWaSae

Mzee, swali la mwisho na sitanii. Hizo raba ulizokimbilia ni za aina gani? Nimeanza jogingi wiki hii, vidole vinapasuka.

---

Gia ya Tatu

Mtumba wa soko la SIDO, kushoto soli imeanza kucheka, nimeibana na gundi ya tairi. Usinunue inayokutosha sawasawa, acha nafasi ya dole gumba mbele, mguu unavimba njiani. Na pima jioni, sio asubuhi. Kata kucha.

Jumamosi wanafungua mabelo mapya, mimi nitakuwa pale saa 1 natafuta namba 43. Saa 1 ya asubuhi. Ukitangulia ukaiona, niwekee.